Mtaalamu Namba Saba

Mwaka huu nimekuwa Mtaalamu Namba Saba. Watu wa mradi mmoja wa ng'ambo wanatafuta njia nzuri ya kuchagua mahali pa kufukia hewa ukaa chini ya ardhi, wakatuomba sisi wajiolojia tuvipime vigezo vyao: uimara wa mwamba, kina, nyufa, maji, ridhaa ya wakazi. Kila mmoja anajibu peke yake, bila jina, ili asimfuate mwenye cheo. Kwangu halikuwa sharti gumu. Tangu nistaafu naishi peke yangu hapa Sekei, na siku nyingine anayesikia sauti yangu ni muuza maziwa tu.

Mzunguko wa kwanza niliipa ridhaa alama nyingi kuliko mwamba. Majibu yakarudi pamoja na wastani wa wenzangu: kule juu nilikuwa peke yangu. Watu wa mradi wakaniomba kwa adabu nibadilishe, au nieleze. Nikakasirika. Nibadilishe nini? Nikaketi kueleza, na ikanichukua asubuhi nzima.

Niliandika habari za kisima cha Kikatiti, kijijini kwetu. Nilikuwa kijana mwenye vipimo vya kisasa na kiburi cha kutosha kata nzima. Vipimo vikaonyesha maji katikati ya kihamba cha kaka yangu, shamba la nyumbani la urithi, nami sikumwuliza. Nilifika na mashine, tukang'oa mibuni aliyoipanda baba. Kaka alisimama kwenye migomba akitutazama. Maji yalitoka kwa wingi, lakini yalijaa floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kisima kikafungwa.

Ndipo kaka akasema, "Baba alishachimba hapo, akaacha. Ungeniuliza, mdogo wangu, ningekwambia."

Tangu hapo tunakutana misibani tu. Shikamoo, marahaba, basi.

Sisi Wameru, ukimkosea mtu unamwendea na jani la sale mkononi, naye hawezi kukufukuza. Masale yamejaa kwenye ua wangu; niliyapanda mwenyewe. Siku niliyotuma maelezo yale nilikata jani moja, nikaliweka mezani ili niende nalo Jumamosi. Jumamosi mvua ikanyesha. Iliyofuata nikasingizia goti. Goti langu halikuwa na neno. Niliogopa, kwa sababu asingeweza kunifukuza, na ningelazimika kukaa mbele yake nikimtazama.

Jana majibu ya mwisho yalikuja. Alama za ridhaa zimepanda sana. Mmoja ameandika kwamba habari ya Namba Saba ndiyo iliyombadilisha. Nilifurahi hadi nikasimama, nikatazama huku na huku nimpate wa kumwambia. Wageni wote wale wamesoma jinsi ninavyokijutia kihamba kile. Mwenye kihamba hajasikia hata neno moja, na jani limekauka mezani.