Sista Tewabech na Viberiti vya Jumatano

Sista Tewabech alikuwa mfupi, na akikaa nyuma ya meza yake ya kliniki tulichoona ni kitambaa cheupe cha kichwani na miwani. Sauti yake lakini ilikuwa ya mtu aitaye ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nilikuwa karani wake wa kadi kwa miaka kumi na mmoja, katika kituo chetu cha afya kule juu kwenye baridi, ukishaupita mji wa Debre Birhan, na miaka yote hiyo sikumsikia akimkaripia mgonjwa hata mara moja. Ukali wake wote aliuweka kwa ajili ya viberiti.

Kwetu mtu akishikwa na kifafa, wa kwanza kumfikia huwasha njiti, huizima, kisha humpitishia moshi wake puani ili azinduke. Bibi zetu walifanya hivyo, na bibi zao pia. Na kwa kuwa kifafa chenyewe mara nyingi humwachia mtu baada ya dakika chache, moshi umejichumia sifa isiyo yake tangu zamani. Sista alipelekwa Addis Ababa wiki tatu kujifunza kutibu ugonjwa huo, akarudi na daftari moja na hasira moja. Daftari lilikuwa la vidonge. Hasira ilikuwa ya pua, maana kila Jumatano, siku ya wagonjwa wa kifafa, zilimjia pua zilizoungua.

"Ugonjwa umemwacha mzima huyu," aliniambia siku moja akimpaka mafuta ya dawa mfumaji mmoja wa shuka. "Waliomuumiza ni majirani."

"Walikuwa watatu, Sista," akasema mfumaji. "Kila mmoja na njiti yake."

"Wanakupenda."

"Mno. Nimewaomba wapunguze."

Ndipo ikawekwa sheria kwamba Jumatano kila anayeingia aache kiberiti langoni kwangu, apewe kikaratasi, akichukue akitoka. Wavuta sigara waliniangalia kama mtu aliyewauzia punda mgonjwa, lakini walitii. Sauti ya Sista ilifika langoni bila shida.

Halafu ikaja barua. Profesa Habtewold, bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, alikuwa akitafiti kama wauguzi wa mbali na mji wanaweza kutibu kifafa peke yao. Angekuja Jumatano moja, kutwa nzima, kutuangalia. Akiona hatuwezi, vidonge vingetolewa kwenye hospitali kubwa tu, safari ya nusu siku, na wagonjwa wetu wengi walikuwa wanatufikia sisi kwa miguu.

Sista aliisoma barua mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka lake zito la kujitanda, akaivaa tena.

"Sisay," akaniambia, "wakipelekwa mjini, nusu yao wataacha dawa kabla mwezi haujaandama."

Nilikuwa nawajua wote kwa kadi zao.

"Jumatano hiyo," akasema, "isivuke lango hata njiti moja."

Basi sikuacha hata moja. Niliwapekua walinzi, nikapokea kiberiti cha profesa na cha dereva wake, nikampekua mpika kahawa wetu. Matokeo yake, mgeni wetu alikaribishwa kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni kwa desturi yetu ya kahawa, mbele ya buli la kahawa lililokuwa juu ya mkaa mweusi usio na moto, huku mpika kahawa akizunguka kwa majirani kuomba kaa la kuwashia.

Profesa alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, na aliyatoa polepole kama aliyezoea kuandikwa kila anachosema. Akaketi pembeni ya Sista. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mulunesh, msichana msuka vikapu, amekuja na mama yake, Asnakech.

"Unakunywa dawa kila siku?" Profesa akauliza.

"Kila siku, Profesa."

"Husahau?"

"Sisahau."

Profesa akaandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sista alikuwa haangalii karatasi. Alikuwa akiangalia nywele za msichana.

"Kanisa gani?" akauliza.

Mulunesh akamtazama mama yake.

"Mikaeli," akasema Asnakech kwa sauti ndogo. "Leo siku ya tano ya maji ya baraka. Zimebaki mbili."

"Na vidonge?"

"Viko salama, Sista. Nimevifungia sandukuni. Si unajua havichanganywi na maji hayo."

Kalamu ya Profesa ikasimama. Kabla hajauliza kitu, Mulunesh alikaza shingo, akateleza kwenye kiti, akaanguka.

Benchi zima la kina mama likatia mikono kwenye mikunjo ya shuka, likaitoa mitupu. Hapo ikasikika sauti nzito ya mtu mzima.

"Kiberiti. Nani ana kiberiti?"

Ilikuwa sauti ya Profesa. Alikuwa amesimama, kiganja kimefunguliwa, anangoja apewe.

Sista alishapiga magoti kwa mgonjwa. Hakugeuka. "Vyote viko kwa karani, Profesa. Chako utapewa ukiondoka."

Mtu mmoja nyuma akaguna, wa pili akaficha mdomo kwa shuka, na kicheko kikapita benchini. Profesa alikitazama kiganja chake kana kwamba alikiazima kwa mtu.

"Bibi yangu," akasema.

"Najua. Hata wangu. Sasa shika saa, utuhesabie dakika."

Akashika. Sista alimgeuza msichana ubavu, akamkunjia shuka chini ya kichwa, akalegeza mkanda wake, akamzuia Asnakech aliyekuwa anakuja na kijiko cha kumpanulia meno.

"Mbili," akasema Profesa.

"Endelea."

"Inakaribia ya tatu."

Viungo vya Mulunesh vikalegea. Akaanza kuvuta pumzi ndefu, kama mtu aliyelala kwenye majani baada ya mavuno.

Profesa akachuchumaa kando yao. "Sista, kuhusu uamuzi wangu..."

"Subiri. Hajasema jina lake."

Tukasubiri. Bingwa wa ubongo alisubiri pamoja nasi, saa mkononi, mpaka macho yakafunguka.

"Unaitwa nani?" Sista akamwuliza.

"Mulunesh."

"Na mimi?"

"Sista."

"Na huyu?"

Msichana akamtazama Profesa kwa muda. "Simjui."

"Usijali. Hata sisi tunamjua tangu saa tatu asubuhi tu."

Profesa akamgeukia Asnakech. "Mama, mimi mlinijibu kwamba anakunywa kila siku."

"Wewe mgeni," akasema Asnakech. "Mgeni anajibiwa anachotaka kusikia. Ningekuharibia safari yote hiyo?"

"Miaka ishirini nauliza swali hilo," akasema Profesa polepole, "na miaka ishirini najibiwa 'kila siku'." Akamtazama Sista. "Wewe ulijuaje?"

"Nywele zake mbichi. Kwa baridi hii, nani anajimwagia maji kichwani alfajiri kwa hiari yake?" Alikuwa bado ameushika mkono wa msichana. "Na kasisi wa kanisa la Gabrieli tulishakubaliana. Maji ya baraka kwanza, kidonge baadaye, na yeye mwenyewe anawaambia waumini. Huyu wa Mikaeli ananikwepa. Akiniona anaanza sala, na sala zake ni ndefu. Kesho nitakwenda na kigoda."

Profesa akafunga karatasi zake. "Vidonge vitabaki hapa," akasema. "Nitaandika hivyo."

Sista akamfunika msichana shuka, kisha akamgeukia Profesa.

"Sema kwa sauti," akamwambia. "Benchi la nyuma hawajasikia, na ndio wanaotoka mbali."

Profesa akainuka, akasafisha koo, akasema tena. Benchi la nyuma likasema bado halisikii. Basi nikamsogezea kiti, akapanda juu yake na viatu vyake vya mjini, akarudia mara ya tatu.