Makapteni wa Kifua Kimoja

Nina studio ya picha Nyasubi, hapa Kahama, katika fremu ya biashara iliyobanwa kati ya duka la pembejeo na kinyozi. Watu huja kupiga picha za paspoti na za harusi, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu ni marehemu. Mtu akifariki, familia inataka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza na nyingine ya kuchapa kwenye fulana, na mara nyingi wanachokuja nacho ni kadi ya mpiga kura. Kwenye kadi ya mpiga kura kila mtu anaonekana kama amekamatwa. Kwa hiyo tunakata kichwa na kukiweka juu ya mwili wenye suti. Sisi wa kazi hii hatuiti udanganyifu. Tunaita kumvalisha marehemu.

Kwenye kompyuta nina folda niliyoipa jina Miili. Humo mna suti nyeusi sita, kanzu na koti mbili, mama wa makamo mwenye kitenge, mama mwingine mnene zaidi, na joho la mahafali. Kwa miaka kadhaa alikuwamo pia afisa mmoja wa jeshi.

Afisa huyo nilimpata kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyetoka Isaka na picha ya marehemu mumewe kwenye bahasha ya kaki. Bati lake lilivuja masika yote, maji yakashuka ukutani nyuma ya fremu, yakala uso wa mumewe na sehemu ya bega. Alikuwa na picha nyingine ndogo ya uso, akaniuliza kama naweza kumrudisha. Nikamwambia naweza. Nilifanya kazi ile siku mbili, nikachukua uso kule, nikasafisha ukungu, nikajaza bega. Alipokuja kuichukua aliitazama muda mrefu, akasema, "Haya, asante mwanangu," akaondoka.

Nakala nikabaki nayo. Ilikuwa sare nzuri, imepigwa pasi, ina medali mbili. Nilipoihamishia kwenye folda ya Miili, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta kibao cha jina kifuani.

Wa kwanza kuivaa alikuwa mzee wa Mwakitolyo. Mwanawe, mchimbaji, alikuja na kadi ya mpiga kura na macho mekundu. Akaniambia baba yake alichukuliwa kutoka mgambo akaenda vita vya Kagera, akarudi, akalima, na hakuwahi kupigwa picha akiwa na sare.

"Huna vazi la jeshi?" akaniuliza.

"Lipo."

Sikumwuliza baba yake alikuwa na cheo gani. Naye hakuniuliza zile nyota tatu begani maana yake nini. Baadaye nilisikia kwamba picha ilipoingizwa uwanjani kwenye msiba, watu walisimama. Habari ikaenea, wakaja wengine. Mmoja, baba yake aliendesha malori ya jeshi, hilo nina hakika nalo kwa sababu walikuja na leseni. Wa tatu walisema babu yao alikuwa jeshini, wakaishia hapo. Wa nne, kwa kadiri ninavyokumbuka, alikuwa mlinzi wa ghala la pamba. Wote niliwazika wakiwa makapteni.

Mwaka juzi halmashauri iliamua kutengeneza ubao wa picha za watu wa eneo letu waliowahi kulitumikia jeshi, utundikwe ukumbini kabla ya Siku ya Mashujaa. Familia zikaambiwa zilete picha. Kazi ya kuhakiki nani ni nani akapewa mshauri wa mgambo, yaani afisa wa jeshi anayekaa wilayani kusimamia mafunzo ya mgambo. Alikuwa mtu mrefu, wa mkoa mwingine, mwenye sauti ndogo. Alikuja studio asubuhi moja akitaka picha zote nizisafishe na kuzileta kwenye saizi moja.

Nikamkaribisha kiti. Akakataa kwa mkono, akafungua bahasha, akaanza kuzipanga picha mezani kwangu moja moja, akinieleza kama mtu anayefundisha.

"Huyu tazama mkanda. Huo ni mkanda wa zamani, kabla ya vita. Huyu hana cheo, lakini ana kamba begani, inaonyesha alikuwa bendi. Huyu wanasema alikuwa meja. Meja ana nembo ya taifa begani. Huyu hana kitu, na hiyo kofia ni ya zimamoto."

Alizisoma picha kumi na moja hivyo. Kisha akachukua tatu, akaziweka pembeni kwa mstari.

"Sasa hawa," akasema. "Kapteni, kapteni, kapteni. Kata tatu tofauti."

Akagusa kifua cha wa kwanza kwa kidole.

"Medali ya kwanza ni ya vita. Sawa. Ya pili hii hupewa askari wa kawaida aliyekaa muda mrefu bila kosa. Maofisa wana ya kwao. Kwa hiyo huyu alianza chini kabisa, akapanda. Wapo, lakini si wengi. Hapa ninao watatu." Akainama. "Halafu kuna kalamu. Afisa mwenye medali kifuani hachomeki kalamu mfukoni. Huyu kachomeka. Ina kifuniko chekundu. Na huyu kachomeka. Na huyu."

Nilisikia kinyozi wa jirani akizima mashine yake.

"Wanne, afande," nikasema. "Mmoja hawajamleta."

Nikamfungulia kompyuta, nikamwonyesha folda. Alisoma jina la folda, akasogeza kiti nilichomkaribisha mwanzoni, akakaa. Alipitia suti zote sita. Alipofika kwa afisa asiye na kichwa akaishia hapo.

"Huyu mwenyewe ni nani?"

"Sijui, afande."

"Kibao cha jina kiko wapi?"

"Nilikifuta."

"Picha ya mwanzo?"

"Ilikuwa kwenye kompyuta ya zamani. Iliungua."

Alinitazama kama vile mimi ni yule wa zimamoto. Nilitegemea anifokee, na ningeona nafuu. Lakini alitoa daftari dogo, akaandika, akaniuliza tena kwa sauti ileile ndogo kama nakumbuka chochote. Nikamwambia nakumbuka mwalimu mstaafu, mjane, wa Isaka.

"Basi chukua kofia yako," akasema. "Kwa sababu katika bahasha hii yote, afisa ninayejua kwa hakika kwamba alikuwepo ni huyu asiye na kichwa."

Tulikwenda kwa pikipiki yake. Isaka tuliwauliza walimu wawili, wa pili akatuonyesha nyumba nyuma ya yadi ya malori. Mama yule alikuwa anachambua choroko barazani. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama, akasema, "Wewe ni mtu wa picha." Afande naye akampa shikamoo yake, akajieleza. Akatuingiza ndani.

Picha ilikuwa ukutani, kwenye ukuta mwingine, mbali na pale bati lilipovuja. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Afande alieleza kwa utaratibu kilichotuleta, kuanzia ubao wa halmashauri mpaka bahasha yake. Alipofika kwenye habari ya vichwa alitumia maneno "matumizi ya sare pasipo kibali". Nikaona nimalizie mwenyewe. Nikamwambia mama kwamba nilichukua kifua cha mumewe nikawapa watu wanne, bila kumwomba.

"Najua," akasema.

Tukamsubiri.

"Nilikwenda msiba Mwakitolyo, kwa shemeji wa dada yangu. Nikakuta mume wangu yuko mbele ya jeneza ana kichwa cha mtu mwingine."

"Ulifanya nini, mama?" afande akauliza.

"Nilitoa rambirambi. Nikakaa na wanawake wenzangu. Ningesema nini? Ile kalamu ni yangu, ya kusahihishia. Siku mume wangu anapigwa picha ile, mpiga picha alimwambia mfuko wake unaonekana mtupu, naye akaichomoa kwenye mkoba wangu. Nikawa namtazama yule marehemu, najiuliza kama na yeye alikuwa mwalimu."

Alisema hivyo bila kucheka na bila kulaumu, na mimi nilitazama sakafu. Nimewahi kugombezwa na wateja kwa kuwapa ngozi nyeupe mno, kwa kuwapunguza matumbo, kwa kuwasahau watoto wa kambo pembeni. Hakuna aliyewahi kuniweka mahali kama pale.

Afande aliuliza kama kuna karatasi zozote. Mama akaingia chumbani, akatoka na kitabu cha utumishi kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Afande akakifungua kwa vidole viwili. Akatusomea: namba, mwaka wa kuingia, urefu, kovu kwenye goti la kushoto. Aliingia askari wa kawaida, kama medali ilivyosema. Tabia, nzuri sana. Sababu ya kuondoka, maradhi. Kisha akasoma mstari mmoja kimya, akainua macho kwenye picha ya ukutani, akarudi kitabuni.

"Mama, mzee aliondoka jeshini akiwa luteni."

"Ndiyo."

"Luteni ana nyota mbili."

Sote watatu tukatazama bega. Zilikuwa tatu. Mimi nilizifahamu vizuri zaidi kuliko wao, kwa sababu bega lile nililijaza mwenyewe. Maji yalikuwa yameacha nyota moja na kipande cha nyingine, na kwa nafasi iliyobaki niliona tatu zinakaa vizuri.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikisia."

Mama alikunja ule mfuko wa nailoni, akaukunja tena mpaka ukawa mdogo.

"Alipendekezwa," akasema. "Kabla hajaugua. Walimwambia asubiri barua, akasubiri mpaka akafa. Ulipoileta picha nikahesabu, nikasema moyoni, labda barua ilikwenda kwa huyu wa studio."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, mtu anapiga bodi kwa kofi kumwelekeza dereva. Afande alifunga kitabu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kwenye ubao nitaandika luteni, mama. Siwezi kuandika kingine."

"Andika luteni. Ndivyo alivyokuwa." Akanigeukia. "Lakini hii ya ukutani usiiguse."

Njiani kurudi afande aliniambia mambo mawili tu. La kwanza, nifute afisa kwenye folda, naye awepo akiona. La pili, nikazieleze familia zote nne kwa mdomo wangu mwenyewe, asije akazieleza yeye.

Familia ya dereva hawakuwa na neno, wakatoa leseni ile ile, tukatumia picha yake. Familia ya tatu walinifukuza, na picha bado iko sebuleni kwao, najua kwa sababu niliiona mlango ulipokuwa unafungwa. Ya mlinzi wa ghala walikuwa wamehamia Geita, nikawapigia simu. Walinisikiliza mpaka mwisho, wakaniuliza kama suti bado zipo.

Mwakitolyo niliogopa kuliko kote. Nilimkuta yule mchimbaji nyumbani, anaosha matope miguuni. Nikamweleza yote, kalamu, nyota, mwalimu. Aliendelea kuosha mguu uliokwisha takata.

"Kwa hiyo watu walimsimamia nani siku ile?" akauliza.

"Walimsimamia baba yako. Walikuja msiba wa baba yako."

"Na huyo afande amemkuta baba kwenye vitabu?"

Hilo nilikuwa na jibu lake, na nilimshukuru Mungu. Afande alikuwa ameandika barua makao makuu ya mkoa, akapata orodha ya mgambo waliochukuliwa kwenda vitani. Baba yake alikuwemo, jina la baba na la babu, kijiji, na namba ya bunduki aliyokabidhiwa na kuirudisha.

"Aliirudisha?"

"Imeandikwa aliirudisha. Safi na kamili."

Akakaa kwenye kigoda. Akataka nimsomee namba ile mara mbili, akaiandika kwenye simu. Kisha akaingia ndani, akarudi na ile kadi ya mpiga kura, imekunjika pembeni.

"Tumia hii hii," akasema. "Usimvalishe kitu."

Nikaichukua hivyo hivyo. Nilisafisha mkunjo tu. Mzee yuko ubaoni na shati lake la drafti, kifungo cha juu kimefunguka, anatazama kamera kama amekamatwa, na chini yake pameandikwa mgambo, vita vya Kagera. Mwanawe alikuja siku ya kuutundika akiwa amevaa viatu vipya. Alisimama mbele ya picha ile muda mrefu kuliko mtu yeyote, akampiga picha kwa simu, akasogea kumtazama luteni aliyekuwa safu ya juu, akampiga na yeye.

Mwalimu hakuja, miguu ilimsumbua. Wiki iliyofuata nilimpelekea nakala ya luteni mwenye nyota mbili, kwenye fremu, endapo angetaka kuwa nazo zote. Hakuwepo, alikwenda kituo cha afya. Nikamwachia jirani yake, mwanamke aliyekuwa anaanika mahindi. Akaishika fremu kwa mbali, akauliza huyu ni nani. Nikamtajia jina kamili, cheo, miaka aliyotumikia, na vita alivyopigana, kwa sababu sasa nilikuwa nayajua yote.

"Kumbe," akasema. "Sisi tulikuwa tunamwita mzee wa mbuzi."

Akaiingiza ndani isipate jua.