Taya Ambalo Shangazi Hakulisugua

Shangazi yangu alisugua meno ya wafu kwa miaka thelathini na moja, na ungemwona akishuka ngazi za ghala la makumbusho jioni, mkono kiunoni, ungedhani ni yeye aliyefukuliwa. Mataya ya watu wa kale yalipoletwa, aliyaloweka, akayasugua kwa mswaki mgumu mpaka ukoga wote ukatoka, kisha akajaza kadi: namba, tarehe, neno "Safi", sahihi. Wakubwa walimsifu kwa weupe wa meno yale, wakasahau kumpa kiti chenye mgongo.

Mwezi mmoja kabla hajastaafu akaja mtafiti, binti mpole mwenye hadubini, akitaka ukoga wenyewe. Alieleza kwamba ukoga huganda jinoni kama ukoko wa sufuria, na ndani yake hubaki chembe za wanga na vipande vya majani, hata kwa miaka elfu nne. Ukiupima unajua mtu alikula mizizi gani, alitafuna nini. Wakafungua masanduku siku nne mfululizo. Safi. Safi. Safi. Binti hakumlaumu, maana watafiti wa zamani ndio walioagiza hivyo, lakini Shangazi alirudi nyumbani, chakula hakigusi, anatazama ukuta tu.

"Miaka yote hiyo nilikuwa namwaga vyakula vyao kwenye karo," aliniambia. Niliwakasirikia wote, hasa wale waliomsifu.

Siku ya tano alikwenda mwenyewe kwenye rafu ya chini, akachomoa sanduku lenye kadi ya "Safi" kama mengine. Mbele ya mkuu wa ghala, mtu wa kugomba kwa herufi moja iliyokosewa, akasema kadi ile ni ya uongo, taya lile hakulisugua. Mkuu akauliza kwa nini. Akajibu kwamba siku ile alikuwa amechoka. Basi akaandikiwa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake, naye akaitia sahihi kwa mwandiko wake uleule mzuri.

Majibu yalitoka siku yake ya mwisho kazini, nami nilikuwa nimekwenda kumsaidia kubeba vitu vyake. Taya lilikuwa la mwanamke. Ukoga wake ulikuwa na wanga wa mizizi ya porini, na upande wa kushoto, kando ya gego lililotoboka, vilijaa vipande vya jani chungu ambalo mtu halili hata kwa njaa. Binti alisema huenda mama yule alilitafuna kama dawa.

Shangazi alikuwa ameinama akibadili viatu. Hakuinua kichwa.

"Alikuwa anaumwa jino," akasema. "Nililiona lile tundu, mwanangu. Ningemsuguaje hapo?"