Anwani ya Mwanza

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ukumbini, Kibondo, mtaalamu mgeni alipotuonyesha ramani ya saratani nchini. Mwanza ilikuwa nyekundu. Kibondo ilikuwa nyeupe pe. "Huku kwenu hali ni nzuri," alisema, na watu wakapiga makofi.

Makofi! Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Kila mwezi naandika kwenye daftari la rufaa wanawake wa kuanzia hapa mjini hadi kijijini Kasanda, wanaopanda basi la kwenda hospitali Mwanza wakiwa hoi. Nikasimama. "Daktari, hao wagonjwa wetu wameyeyukia wapi?"

"Tunamhesabu mtu kule anakoishi," alijibu bila hata kunitazama. "Anwani tunaichukua kwenye faili la hospitali alikotibiwa."

Nilifungua mdomo nimtukane. Ndipo nikakumbuka dirisha la mapokezi kule Mwanza, mama yangu ameniegemea begani, titi lake limeoza chini ya kanga. Alipoulizwa anaishi wapi, alianza kusema Kibondo, nikamkatiza. Huku wote tunafanya hivyo: unataja mtaa wa ndugu aliyekupokea, kwa kuogopa kwamba mtu wa mbali atarudishwa kwao. "Anaishi hapahapa Mwanza," nilimwambia karani mwenzangu, naye akaandika.

Mama tulimzika Kibondo, nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba. Kwenye ramani ile bado ni mtu wa Mwanza, na aliyemwandikisha huko ni mimi.