Diplome ya Dada

Kituo kilitafuta washauri, wanawake wa kusikiliza wenzao waliofiwa vitani. Sharti la kwanza lilikuwa diplome ya État, ile karatasi ya kumaliza sekondari. Shule yangu vita viliifunga nikiwa mwaka wa tano. Eti ili umsikilize mama aliyezika watoto, kwanza uwe umefaulu hesabu! Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Dada yangu mkubwa alikuwa na diplome hiyo. Alikimbia nayo kutoka Luvungi, ndani ya plastiki, kifuani. Kipindupindu kikamchukua hapa Uvira, karatasi ikabaki. Tangu tumzike, mama hakulitamka jina lake tena. Alisema tu "ule mutoto". Hata mimi hapa siliandiki.

Mama ndiye aliyenipa plastiki ile. "Beba. Kule ule mutoto iko, hawaulizake diplome."

Nikafundishwa wiki chache, nikavalishwa kadi yenye jina la marehemu. Wanawake walishuka kutoka Bijombo, wengine wakaja toka Mutarule, nami niliwaambia nilivyofunzwa: mtaje uliyempoteza, usimfungie moyoni. Walitaja, wakalia, wakapumua. Wakiondoka walinishukuru kwa jina la dada, na kila mara lilinichoma. Mganga hajigangi, nilijiambia, nikamwita anayefuata.

Mchana mmoja mama alikuja mbio: watu wa bondeni walikuwa wanakimbia tena, twende tufunge mizigo. Pale mlangoni akaniulizia kwa jina langu.

"Mama, muntu wa jina hiyo haiko hapa," mlinzi akamjibu.

Nilisikia kupitia dirisha, na niliogopa kupoteza kazi yangu, kwa hiyo sikutoka. Mama akaita jina la dada.

Kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa nguvu, kisha akashindwa kuacha. Aliita na kuita, mpaka wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakashuka, wakakaa chini kama watu walio kwenye kilio. Mkuu wa kituo akatoka ofisini.

Nikakimbilia uani, kadi ikiwa shingoni. "Minye huyu, mama. Niko hapa."

Akanitazama, machozi yanamtiririka.

"Haiko weye naita."

Mkuu alisikia, kila mtu alisikia. Nikavua kadi, nikakaa chini kando ya mama, nikamwita dada na mimi.