Nguzo za Kibanda Kilichohamwa

Kwa miaka mitatu ya mwanzo jirani yangu hakuwahi kulitaja neno nguruwe mbele yangu. Aliwaita "wale wanyama wako", na akiwa na haraka, "wale" tu. Mimi nami, kwa kumheshimu, sikuwataja kabisa. Nilikuwa mwalimu wa sayansi kutoka Songea, nimepangiwa shule nje kidogo ya mji wa Kibiti. Yeye alikuwa bibi wa Kimatumbi, Mwislamu wa swala tano, mjane, mkulima wa mpunga na muhogo, na wanawe wawili wenye familia zao walikuwa wamejenga ubavuni mwake. Mpaka wetu ulikuwa mstari wa minanasi.

Tuliishi kwa taratibu ambazo hakuna aliyezitamka. Ndoo za nguruwe zilikuwa nyekundu na hazikukaribia kisima. Kabatini niliweka sufuria moja ambayo haikujua mapishi yangu mengine, kazi yake ikiwa kumpelekea bibi chakula cha Krismasi, wali wa nazi na kuku aliyechinjwa na mwanawe. Ramadhani, futari ilivuka minanasi kuja kwangu, nami nilikuwa naingoja kuliko waliofunga. Ndugu zangu wa Songea walipouliza ninaishije hivyo, niliwaambia ninaishi vizuri, na ilikuwa kweli.

Heshima hiyohiyo ndiyo iliyotuponza.

Nyuma ya kiwanja changu palikuwa na kibanda cha udongo, kilichohamwa na mtumishi mmoja wa serikali aliyepewa uhamisho kabla sijafika. Nguruwe wangu walipolizidi banda lao nikaamua kukibomoa, maana nguzo zake zilikuwa za mkoko, na mkoko hauozi upesi. Nilikuwa nazibeba begani, udongo mkavu umezigandia, bibi akasimama kwenye minanasi.

"Mwalimu, miti hiyo usiitwae. Haina heri."

"Nimesikia, bibi," nikajibu, kwa sauti ile ninayowawekea wazazi wanaokuja shuleni kulalamika.

Akaniangalia, akafungua mdomo kama mwenye la kuongeza, kisha akarudi kwake. Mimi nikaendelea kubeba. Nilijiambia hizo ni habari za mashetani, na mtu anayefundisha sayansi darasa la sita hawezi kupangiwa nguzo na mashetani. Kila wiki nawaimbia watoto kwamba kuuliza si ujinga. Siku ile sikumwuliza.

Banda jipya likasimama, nguruwe wanane wakaingia. Baada ya mvua za masika kwisha, asubuhi moja dume alikataa pumba. Nguruwe akikataa kula, mfugaji hahitaji kipimo. Masikio yake yalikuwa mekundu yanayoelekea zambarau, mwili unachoma, na wenzake wamelaliana pembeni wakati jua lilikuwa limeshawaka. Siku ya nne nilikuwa na mizoga mitano.

Afisa mifugo wa kata, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuja akachukua damu. Akaniambia kila dalili ni ya homa ya nguruwe, ugonjwa wa virusi usio na dawa wala chanjo. Mtu haumpati, ila kwa nguruwe ni msiba. Asitoke mnyama pale, akasema, wala kipande cha nyama. Nikaitikia.

Niliitikia, lakini ndani nilikuwa nachemka. Walibaki watatu, jike mmoja mwenye mimba na wanawe wawili wa uzao uliopita, na wote wanakula. Nikaona huyu mama ananiambia nikae niwatazame wafe. Nikampigia simu mwalimu mwenzangu wa Chumbi, mjane anayelea wanawe wanne kwa mshahara na nguruwe wake, nikamwomba anihifadhie hao watatu. Akauliza kuna nini. Nikasema banda linavuja.

Sijawahi kusema uongo mfupi kama ule wenye uwezo wa kuharibu nyumba ya mtu.

Jumamosi saa tatu asubuhi kirikuu ikaingia uani kinyumenyume, dereva akashusha ubao wa nyuma. Nilikuwa nimeshika kamba nikimvuta jike nilipomwona bibi anavuka minanasi, kanga ameikaza kiunoni. Hakuwahi kuja upande ule wa banda. Akasimama hatua chache kutoka kwangu.

"Mwalimu, nguruwe hawa unawapeleka wapi?"

Neno lile kinywani mwake lilinishtua kuliko swali. Nikamwambia nawapeleka Chumbi, wapone.

"Hawaponi," akasema. "Yule mtumishi wa kibanda kile naye alikuwa nao, akiwafunga palepale ubavuni mwa nyumba. Masikio yaliwaiva hivihivi. Waliobaki wazima akawavusha daraja kwa shemejiye. Wakafa huko, na wa shemejiye wakafa wote. Nguzo zile zina papasi, mwanangu. Kutwa wamo nyufani, jua likizama wanatoka kunyonya, wanarudi. Papasi hafi kwa njaa. Anakungoja miaka."

Akaokota kipande cha fito, akachokoa udongo mkavu kwenye nguzo iliyokuwa karibu. Wakadondoka, wa kijivu, wamevimba kama maharage yaliyolowekwa. Nilishawahi kuwafundisha wanafunzi habari za papasi na homa anayowapa watu. Nguruwe hawakuwamo kwenye somo langu.

"Mbona hukuniambia, bibi?"

Akatazama chini. "Niliona haya. Ningekutajia nguruwe ungesema bibi huyu amewachoka, anataka uwaondoe. Nikaona bora ninyamaze tukae salama."

Na kweli, hata mimi ningemdhania hivyohivyo.

Nikamwomba radhi dereva, akaondoka na gari tupu. Nikampigia mwenzangu wa Chumbi, nikamweleza ukweli wote nikiwa nimesimama palepale.

"Kwa hiyo banda halivuji," akasema.

"Halivuji."

Akakata. Hakunipigia kwa wiki tatu, na nilistahili.

Jike yule alikufa siku ya tatu na mimba yake, wanawe kesho yake. Nililia waziwazi, mtu mzima mimi. Majibu ya damu yalipokuja hayakuwa habari tena. Wale watano wa kwanza nilikuwa nimewafukia mwenyewe, lakini shimo la hawa watatu sikulichimba peke yangu. Wanawe bibi walikuja na majembe bila kuitwa, wakachimba mpaka kimo cha mtu, kisha wakakaa kando, upepo unakotokea. Mimi na afisa mifugo tukavuta mizoga kwa kamba. Jike alipokwama ukingoni nilinyakua jembe lililokuwa karibu nikamsukumia, ndipo nikakumbuka jembe ni la nani. Tukamwaga chokaa, wakafukia. Nguzo zote tukazitia moto na udongo wake.

Bibi alilichukua jembe lile akaliosha mwenyewe, maji mara saba, moja kwa udongo. Nilisimama pembeni kwa aibu.

"Nimewatia najisi bure, bibi."

"Najisi inaoshwa, mwalimu. Ndiyo maana tukafundishwa namna ya kuiosha."

Namshukuru Mungu kwa watu wale, na ninaandika haya ili nimshukuru na bibi, kwa sababu nikimwambia usoni ananiuliza kama nimekunywa chai. Kama asingevunja haya yake asubuhi ile, ningekuwa nimemfilisi mjane mwenzake kwa mkono wangu.

Leo nina banda la matofali, limepigwa plasta mpaka halina ufa wa kuingia sindano, mbali na pale pa zamani. Afisa mifugo aliporidhika, kirikuu ilikuja tena, safari hii ikitokea Chumbi, na majike wadogo wawili kutoka kwa yule mwenzangu, ambaye nguruwe wake wote wapo na wanazaa. Kabla hawajashushwa bibi alizunguka banda lote na tochi ya simu, jua likiwa utosini, akimulika pembe kwa pembe. Dereva alicheka. Mimi sikucheka.

Kila asubuhi nikienda shule nampitia kwenye minanasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama."

"Na nguruwe?"

"Hawajambo, bibi."