Msiba Aliotangaza Benigna

Benigna anauza vitumbua mtaani kwetu Mfaranyaki na ana mdomo, hilo mtaa mzima unajua. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na ukoo wake umenichosha. Kila harusi wanatuimbia damu nzito kuliko maji. Kumbe ni nzito mpaka haitoki.

Mjukuu wake Jordan alishikwa na malaria. Asubuhi tulipomfikisha hospitali viganja vilikuwa vimepauka kama unga wa muhogo. Daktari akasema damu imepungua mno, aongezewe leo leo, na ya kundi lake imeisha. Tuite watu wachangie. Mama yake ana mimba, hawakumgusa. Mimi wakanikataa kwa presha. Ya Benigna haikuoana.

Benigna akapiga simu kijijini kwao Hanga, kwa kaka yake mkubwa Sixbert.

"Shikamoo kaka. Jordan anahitaji damu, njooni."

"Marahaba. Pole sana, mdogo wangu. Tunamwombea. Sasa hivi tuko kwenye tumbaku."

Akajaribu wengine. Mmoja anaogopa sindano. Mwingine eti akitolewa damu ataishiwa nguvu, nani atamlimia. Nilikasirika. Mtoto anahema kwa shida, mbavu zinaonekana, watu wazima wananiletea habari za jembe.

Benigna akampigia tena Sixbert.

"Kaka, kuna msiba huku. Njooni hospitali."

Basi, tumbaku ikaachwa. Kabla ya saa sita Fuso ikaingia imejaa ndugu, na unga, na maharage, na kuni. Wanawake walianza kulia kabla hata hawajashuka.

Benigna akawasimamisha mlangoni mwa wodi. "Jordan yumo ndani, bado anapumua. Mliokuja kuzika, kunjeni mikono ya mashati mkapimwe."

Sixbert alifura. "Umemzushia mtoto kifo. Hilo si jambo la kuchezea."

"Nilipokwambia anaumwa, kaka, ulikuja?"

Sixbert akaenda kukaa kwenye benchi la kupimwa, wa kwanza. Na damu yake ndiyo iliyooana.

Mpaka leo anadai aombwe radhi mbele ya ukoo. Benigna anamwambia asubiri. Jordan aliamka kesho yake akaomba uji, nikampikia kwa unga wa matanga yake.